Mabao 11 ya mwaka 1954 ni ya Kocsis

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu mwaka wa ishirini na kitu huu, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile orodha yenu ya wafungaji bora wa Kombe la Dunia ilisema Ferenc Puskás ndiye aliyeongoza mwaka 1954 kwa mabao 11. Si kweli. Mwenye mabao 11 kule Uswisi ni Sándor Kocsis, mwenzake katika timu ya Hungaria. Puskás alifunga manne.

Jumamosi jioni huwa nafundisha mpira watoto wa mtaani kwetu. Nikifika kwenye kupiga kichwa lazima nimtaje Kocsis, maana kwao alijulikana kama Kichwa cha Dhahabu. Sasa Jumamosi iliyofuata baada ya orodha yenu, mtoto wa miaka kama 12 akanijia na kipande cha gazeti lenu kilichofungiwa maandazi, mafuta yamepenya mpaka kwenye picha ya Puskás. Akaweka kidole kwenye mstari. "Kocha, mbona hapa hawakusema hivyo?" Wenzake wakatuzunguka. Nikaeleza, nikarudia kueleza, macho yao yako kwenye karatasi. Gazeti limeandika, mimi ni nani?

Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu mashindano yale Puskás alikosa robo fainali na nusu fainali akiwa majeruhi! Aliumizwa kifundo cha mguu kwenye mechi ya makundi na Ujerumani Magharibi, Hungaria wakashinda 8-3, Kocsis peke yake manne. Korea Kusini alishawatia matatu. Robo fainali na Brazil, Puskás hayupo, Kocsis akafunga mawili. Nusu fainali na Uruguay, Puskás hayupo, na Uruguay hao walikuwa hawajawahi kupoteza mechi hata moja ya Kombe la Dunia tangu 1930. Walikuwa nyuma 2-0 wakasawazisha, mpira ukaenda dakika za nyongeza, Kocsis akaruka akapiga kichwa, bao; akaruka tena, bao la nne la Hungaria. Huyo ndiye mmemfuta. Fainali Hungaria walifungwa 3-2 na Ujerumani Magharibi pale Bern, na mwaka 1961 Kocsis akarudi uwanja uleule na Barcelona, akafunga, wakafungwa na Benfica 3-2 vilevile. Mechi 68 za taifa, mabao 75. Alifariki mwaka 1979 hajatimiza miaka 50, hawezi kujitetea.

Na nafasi mnayo. Nusu ya ukurasa ule ni matangazo ya kubeti. Watoto wa darasa la tano wanajua kusoma odi kuliko kusoma msimamo wa ligi, halafu historia ya mpira inabanwa kwenye kisanduku chembamba chini, inaandikwa haraka, haisomwi mara ya pili na mtu yeyote.

Naomba sahihisho. Litoke ukurasa uleule, kwa herufi zilezile, likiwa na jina lote, Sándor Kocsis, na hesabu yake wazi: 3 kwa Korea Kusini, 4 kwa Ujerumani Magharibi, 2 kwa Brazil, 2 kwa Uruguay. Lichapwe Jumamosi, kwa kuwa mazoezi yetu huanza saa kumi na nusu, na yule mtoto nataka alisome mwenyewe mbele ya wenzake.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro