Wanaohama sio vijana peke yao

Mhariri, ile taarifa yenu kwamba vijiji vinabaki vitupu kwa sababu "watu wanakimbilia Mwanza mjini" imenikera sana, na gazeti lenu nalisomaga miaka yote bila kuandika hata neno. Watu gani? Wa umri gani?

Anayeingia mjini na begi ni kijana, kamaliza shule, anatafuta chuo au kibarua, anapanga chumba Mabatini au Igogo. Akishapata familia anahamia Kisesa, Buswelu, Usagara huko pembezoni kwenye viwanja. Wavulana wengine hata mjini hawafiki, wanaenda kwenye makambi ya dagaa visiwani, wanafuata usiku wa giza maana dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikitoka kazi inasimama. Alafu kuna sisi. Ukifika 60 unastaafu, kodi ya mjini huiwezi, unarudi kwenu.

Mimi nilistaafu bandarini nikarudi kwetu kisiwani Ukerewe, nina presha. Nikaenda zahanati ya jirani naambiwa dawa hakuna, panda kivuko ufuate mjini, na yule mtoa dawa akaniambia kabisa kwamba dawa zinaagizwa kwa ajili ya wajawazito na watoto maana ndo wengi hapa. Wengi wapi wakati siku ile benchi zima tulikaa wazee watupu, kina mama wenyewe wako Nyakato mjini na hao watoto! Sensa ya 2022 ilimuuliza kila mtu umri wake, mkoa wa Mwanza ukaonekana umetoka watu 2,772,509 mwaka 2012 umefika 3,699,872, na humo wamo waliozaliwa tu hawakuhama popote, nyie mnaandika jumla mnasema watu wamejaa mjini basi, na anayepanga dawa naye anasoma hivyo hivyo. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003 jamani, inafanya kazi wapi?



Naomba mchape jedwali ukurasa mzima, kata kwa kata, Ukerewe, Sengerema, Magu, Ilemela yote, miaka 15 hadi 24, 25 hadi 39, na 60 kwenda juu, nani kaingia nani katoka. Kila mganga mkuu wa wilaya apewe nakala yake aibandike ofisini, na zahanati yenye wazee wengi iwekewe dawa za presha na sukari za kutosha miezi mitatu, kabla masika hayajaanza.

Mstaafu, Ukerewe