Malalamiko kuhusu katriji ya kulainisha maji ya matangi ya uduvi na samaki

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: KATRIJI YA REZINI INAYOUZWA KWA WAFUGAJI WA UDUVI NA SAMAKI WA MAPAMBO

Tunalalamikia katriji ya rezini mnayosambaza katika maduka ya samaki wa mapambo hapa Nairobi. Pakiti yake inaahidi kwamba maji ya kisima yakipita humo yanakuwa “maji laini, salama kwa uduvi”. Ahadi hiyo inawapotosha wanunuzi, na uduvi wanakufa kwa sababu yake.

Rezini hiyo hunasa kalsiamu na magnesiamu, kisha huachilia sodiamu mahali pake. Kwa anayetaka kuzuia ukoko wa chokaa kwenye hita ya bafuni, hilo ni jambo jema. Lakini maji ya ardhini ya Nairobi hupita katika miamba ya volkeno, na visima vingi hutoa maji yenye sodiamu na bikaboneti kwa wingi, kalsiamu haba, na mara nyingi floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa maneno mengine, ugumu wa jumla (GH), yaani kalsiamu na magnesiamu, uko chini tangu mwanzo. Kilichopanda ni ugumu wa bikaboneti (KH). Katriji yenu inaondoa kile kidogo kilichopo na haigusi kinacholeta madhara. Bikaboneti na floridi zinapita kama zilivyoingia.

Tulipima maji ya kisima kimoja cha Lang'ata kwa vipimo vya matone, mililita 5 za maji, kila tone digrii moja. Kabla ya katriji: GH 2, KH 14, TDS (jumla ya chumvi zilizoyeyuka) 340. Baada ya katriji mpya, tone la kwanza kabisa la GH liligeuka kijani papo hapo, yaani GH ilikuwa karibu imekwisha. KH ilidai matone yaleyale 14 ndipo samawati ikawa manjano. TDS ikasoma 345. Yeyote kati ya mafundi wenu anaweza kurudia kipimo hiki kwa dakika kumi, na tunawaomba afanye hivyo kabla ya kutujibu.

Kinachofuata ndani ya tangi kinaonekana kwa macho. Uduvi akijivua gamba huhitaji kalsiamu ya kwenye maji ili gamba jipya liwe gumu. Maji yakikosa kalsiamu, gamba la zamani hupasuka nyuma ya kichwa, mkanda mweupe huzunguka kiwiliwili, na mnyama hubaki amenasa humo hadi afe. Konokono nao huanza kulika gamba kuanzia kileleni. Kwa uduvi wa jamii ya Caridina hasara ni maradufu, kwa kuwa wanataka KH 0 hadi 1 na pH chini ya 7. Wafugaji huwawekea udongo maalumu unaofyonza bikaboneti, na udongo huo ni wa bei ghali. Ukiulisha KH 14 kila wiki, nguvu yake inakwisha mapema mno na pH inapanda juu ya 7.5.

Karatasi ya maelekezo inazidisha tatizo. Inamwambia mteja athibitishe ulaini kwa mita ya TDS, ilhali mita hiyo hupima jumla ya chumvi zilizoyeyuka na haiwezi kutofautisha sodiamu na kalsiamu. Inamwambia abadilishe nusu ya maji ya tangi kwa mkupuo. Mshtuko wa aina hiyo huwafanya uduvi wajivue kabla ya wakati. Asilimia 10 hadi 15 kwa wiki, yakiingia kwa matone, inatosha. Tena inasema rezini ikichoka ilowekwe katika maji ya chumvi kisha isuuzwe mara moja. Mara moja haitoshi hata kidogo: isuuzwe mpaka TDS ya maji yanayotoka ilingane na ya yanayoingia, la sivyo chumvi yote inaishia kwa samaki.

Wapo pia wateja wa maji ya mfereji. Maji ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni laini kiasili, hayahitaji katriji hii kabisa, yanahitaji kuondolewa klorini tu. Shida yao ni siku za mgao, tangi la paa linapojazwa maji ya kisima au ya boza na KH kuruka bila taarifa. Pakiti yenu haiwaambii wapime kila tangi linapojazwa upya.

Chombo kinachofaa maji ya kisima ni chujio la RO, linalosukuma maji kupita utando unaozuia chumvi, lenye chujio la kunasa mchanga na la mkaa mbele ya utando huo, maana klorini huuharibu utando. Muuzaji aeleze pia suala la presha: tangi la paa lililo mita 10 juu ya chujio hutoa takriban bari 1, na utando unataka kama 3, kwa hiyo pampu ya kuongeza presha ni lazima. Kisha madini yarudishwe. Kwa mtungi wa lita 20 wa maji ya RO, gramu 2.15 za jasi (salfeti ya kalsiamu) na gramu 1.3 za chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) hutoa GH 5 bila kupandisha KH. Jasi huyeyuka polepole, hivyo maji yapulizwe hewa usiku kucha. Kwa uduvi wa jamii ya Neocaridina, lita 5 za kisima chenye KH 14 zikichanganywa na lita 15 za RO huleta KH 3.5, halafu GH ipandishwe hadi 6 au 7 kwa madini hayohayo.

Tunadai mambo haya. Maneno “salama kwa uduvi” yaondolewe kwenye pakiti, na mahali pake paandikwe wazi kwamba katriji haipunguzi KH, TDS wala floridi. Karatasi ya maelekezo iandikwe upya. Walionunua warudishiwe pesa zao hata kama katriji imeshalowa, kwa sababu kasoro hii haiwezi kujulikana kabla ya kuitumia, na maduka yamekuwa yakikataa kwa kisingizio kwamba imeshalowa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Pakiti yenu haijazitoa.

Tunatarajia jibu la maandishi katika siku 14, likiambatana na vipimo vyenu wenyewe vya GH na KH kabla na baada ya katriji.

Wenu waaminifu,

Wafugaji wa uduvi na samaki wa mapambo,
Nairobi.