Usimfufue: barua kwa mdogo wangu anayeandika mapenzi ya mzimu

Mdogo wangu mpendwa,

Mswada wako nimeumaliza. Nakujibu hadharani, kama tulivyokubaliana, kwa kuwa wapo wengi wanaoandika visa vya namna hii na kuvificha wakihofia kuambiwa ni vya kitoto. Mwanamke kumpenda mtu aliyekwisha kufa si jambo la kitoto hata kidogo. Umempeleka mwanamke wako kwenye nyumba aliyofia mtu asiyemjua, akazisikia nyayo usiku, akaziogopa, akazizoea, kisha siku moja akajikuta anazisubiri. Hapo kwenye kusubiri nilifunga karatasi nikapumua kwanza. Usibadilishe hata nukta.

Ugomvi wangu ni na sura ya mwisho. Umemrudishia marehemu mwili. Anaamka ana joto, ana njaa, wanafunga ndoa, kitabu kimekwisha. Ukaniambia pia kwamba ulikuwa na mwisho mwingine, ambapo mwanamke anakufa na kumfuata. Unaiona miisho hiyo kama kinyume na kinyume. Mimi naiona ni mmoja, maana yote miwili inamgeuza mmoja awe kama mwenzake, na kisa chako chote kimesimama juu ya jambo hilohilo unalolifuta: mwanamke ana kesho, mwanamume hana.

Protesilaus, kwa masimulizi ya Wagiriki wa kale, ndiye aliyekuwa wa kwanza wao kuuawa walipofika Troy. Mkewe, Laodamia, aliwasihi miungu wamrudishe, wakampa saa tatu. Anavyosimulia Hyginus, mwandishi wa Kirumi, mume alipoondoka mara ya pili mjane alitengeneza sanamu yake akakaa nayo chumbani kwa siri, hadi baba yake alipogundua na kuichoma, naye akajirusha kwenye moto ule. Zile saa tatu zinanishika hadi leo. Utazungumza nini na mumeo ukiwa unajua muda gani umebaki? Utaanza na lipi? Ule moto siupendi, na sitaki uingie kwenye kitabu chako kwa mlango wowote, kwa sababu unamfundisha msomaji kwamba mwanamke anayependa kwa dhati hufa. Miongoni mwa wasomaji wako atakuwepo aliyezika mtu wake juzi tu. Usimwambie kwamba kumfuata ndiko kuthibitisha mapenzi.

Utanijibu kwamba Tang Xianzu, mwandishi wa tamthilia wa China, alifufua, na mchezo wake wa 1598 unachezwa mpaka sasa. Ni kweli. Binti Du Liniang anamwota kijana, anakufa kwa kumtamani, anamjia akiwa mzimu, na kijana analifukua jeneza, binti anarudi kuwa hai. Lakini angalia alipouweka ufufuo ule. Haukuwa mwisho. Baada yake mchezo unaendelea sana: baba wa binti anakataa kuamini, kijana anashtakiwa kwa kufukua kaburi, na mapenzi yaliyokuwa mepesi kati ya mtu na mzimu yanalazimika kusimama mbele ya wakubwa na sheria. Mwandishi yule alilipa gharama ya muujiza wake. Wewe umeuchukua muujiza ukaondoka. Kama ni lazima umfufue, basi mfufue katikati ya kitabu, utuonyeshe mtu aliyekosa miaka sabini ya dunia akijaribu kuishi na mwanamke aliyempenda kwa sababu hakuwa na mwili.

Hata sheria inaijua tofauti kati ya aliye hai na aliyekufa. Ufaransa, tangu 1959, baada ya bwawa la Malpasset kupasuka na kuua mamia ya watu, Rais anaweza kumruhusu mtu aliye hai kuoana na mchumba aliyefariki, ikiwa kuna sababu nzito na ushahidi kwamba marehemu alikwisha ridhia. Ila ndoa hiyo huhesabiwa kuanzia siku iliyotangulia kifo. Hakuna anayeozeshwa kwa maiti. Sheria inarudi nyuma siku moja, inamkuta mtu angali hai, inawaunganisha pale. Ningetamani mwanamke wako aijue siku hiyo moja. Angefikiri nini kuhusu siku ya mwisho ya mtu wake, kabla hajawa mtu wake?

Sasa nije kwenye kugusana, maana hapo ndipo penye utajiri na wewe umepapitia mbio. Katika sura ya tatu tayari wanakumbatiana. Mbona mapema? Mwaka 1971, daktari wa Wales, W. Dewi Rees, alichapisha katika British Medical Journal matokeo ya mahojiano na wajane na wagane 293. Karibu nusu walikuwa wamewahi kumhisi marehemu wao baada ya kifo, na wengi kati ya waliomhisi walisema jambo hilo liliwasaidia. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote kabla ya kuulizwa. Tazama mpangilio wake: hisia tu ya kwamba yupo, takriban asilimia 39, kumwona, 14, kumsikia, 13, kuguswa naye, chini ya 3. Watu hawa hawakuwa wakitunga riwaya, na kwao mguso ndio uliokuwa adimu kuliko yote. Kuwepo kwanza, sauti na sura baadaye, mkono mwisho kabisa, na pengine usije.

Fuata mpangilio huo, utaona kitabu kinavyobadilika. Wape kurasa mia za sauti tu. Mwache amsomee barua gizani. Waache wagombane, na mwanamke akasirike kwa kuwa hakuna hata bega la kusukuma. Acha anyooshe mkono, asikute kitu, halafu aendelee kuuacha pale pale. Hamu unayoitafuta kwenye kumbatio la sura ya tatu iko kwenye mkono ule, na ukimpa mguso mapema utakuwa umeimaliza kabla haijakua.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi ya hayo, na naomba usilichukulie kirahisi. Mwanamume wako haonekani, hapigi hodi, na anamwangalia mwanamke akivua nguo bila yeye kujua. Umeliandika kama mahaba. Angekuwa hai, tungemwita mchunguliaji na tungefunga mlango kwa komeo. Mzimu ana uwezo ambao hakuna mpenzi anayepaswa kuwa nao, na heshima yake yote itaonekana katika namna anavyokataa kuutumia. Mfanye ajitangaze kila anapoingia, kwa kugonga ubao wa sakafu au kwa kupoza hewa mlangoni. Mwanamke awe na chumba kimoja ambacho mzimu ameambiwa asiingie, na asiingie hata siku ambayo angetaka kuingia kuliko chochote. Hapo msomaji atampenda bila wewe kumlazimisha.

Kanuni za mzimu wenyewe, kama anaweza kuinua kikombe, kama anatoka nje ya uzio, nani mwingine anamsikia, ziweke mapema na uzitii. Umeziweka vizuri, kisha ukazivunja ulipokwama. Na lugha yake irekebishe: aliyekufa miaka sabini iliyopita hazungumzi kama rafiki zako.

Limebaki suala la yule jirani aliye hai. Umemfanya mlevi na mkorofi ili tusimtake, na hapo umemnyima mwanamke wako uamuzi wake mkubwa kuliko yote. Mfanye mwema. Awe mcheshi, mwenye kusikiliza, mwenye mikono inayoshikika. Mwanamke aketi naye jioni na afurahi kweli, kisha arudi nyumbani kwa mtu asiye na mikono na amweleze alivyofurahi. Nataka kumsikia marehemu anajibu nini. Kama anampenda, swali hilo litamuuma kuliko kifo chake, kwa sababu kifo hakukichagua, lakini kunyamaza au kusema "nenda" ni juu yake. Naye mwanamke ana haki ya kukasirika akiambiwa nenda, kana kwamba maisha yake ni kitu cha kugawiwa na mwanamume, hai au mfu.

Sijui achague nini, na nisingependa kukuchagulia. Anaweza kukaa katika nyumba ile hadi uzee wake, nywele zake zikiwa nyeupe na mzimu akiwa bado kijana. Anaweza kuolewa na jirani na kubeba jina la mwingine kimyakimya. Anaweza kuhama na kuishi peke yake kwa raha. Ila avuke mwisho wa kitabu akiwa hai, na marehemu abaki marehemu.

Ukishaandika upya nitumie, hata kama umekataa kila nilichosema. Anza na mazungumzo ya usiku ule anaporudi kutoka kwa jirani. Sura ya mwisho inaweza kungoja.

Dada yako