Mwanangu, mwache asome darasa la pili

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, goti la baba yako linaendelea vizuri na mvua zimeanza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia, nikaona mambo haya ya simu hayatatosha. Afadhali nikuandikie, usome kwa utulivu ukishafunga duka.

Unasema shule imekuita, wakakwambia mtoto ni mwepesi sana, darasa la kwanza limekuwa dogo kwake, kwa hiyo Januari arushwe aingie la tatu. Na ada ya mwaka mzima itaokoka. Najua ada hiyo inavyopatikana, na kodi ya fremu hapo Arusha najua ilivyo, kwa hiyo sikuoni kama mtu mwenye tamaa. Lakini mama, naomba usikubali. Mwache mjukuu wangu, mume wangu huyu, asome darasa la pili.

Alipokuja likizo ya Juni nilikaa naye barazani na kitabu chake cha shule. Alikisoma harakaharaka, ukurasa wa pili akausoma huku anaangalia kuku. Nikaweka kiganja juu ya picha, akaanza kusitasita. Basi nikamtandazia kanga yangu, kitu ambacho hajawahi kukariri, imeandikwa "Mungu akikupa hakuandikii barua." "Mungu" alilisoma vizuri. "Akikupa" akaligawa kwa silabi, akalipata. "Hakuandikii" akalisoma "hakuandika", akaendelea mbele bila wasiwasi wowote.

Mtoto mzito hakosei hivyo. Hukosea hivyo mtoto mwepesi, anayeona mwanzo wa neno akakisia mwisho wake. Kumtoa kwenye kukisia ni kazi, na kazi hiyo hufanyika darasa la pili. Hapo mwalimu humsomesha kwa sauti, humrudisha kwenye silabi kama nywa, mbwa na ng'wa, humsimamisha kwenye nukta, mpaka jicho lizoee kufika mwisho wa neno kabla ya mdomo. Akifika la tatu hakuna tena anayemfundisha kusoma. Anapewa sayansi, jiografia na historia, anatakiwa asome ili ajue. Ndiyo maana madarasa mawili ya kwanza yamewekwa kwa ajili ya KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Hayo mawili yanakwenda pamoja, na wewe unaambiwa uchukue moja tu.

Kwenye hesabu nako nilimpima. Nikamuuliza 42 toa 17. Akajibu 35, haraka kabisa. Amechukua 2 akaitoa kwenye 7 kwa sababu ndiyo inayotoka, kisha 1 akaitoa kwenye 4. Nikakata vijiti, nikafunga mafungu manne ya kumi kumi kwa kamba za mgomba, viwili nikaviacha pembeni. Nikamwambia, nipe 17. Akanipa fungu moja, akanipa na vile viwili, halafu akakwama. Akanitazama. Hakujua kwamba fungu linaweza kufunguliwa! Nilipofungua kamba na vijiti vikamwagika sakafuni, alicheka sana, akataka turudie mpaka giza likaingia. Hajachoka na shule huyu mtoto, wasikudanganye. Amechoka kupewa yaleyale anayoyajua. Mwalimu mwenye moyo atampa kitabu kigumu zaidi palepale alipo.

Miaka yote niliyoshika chaki nimepokea watoto waliorushwa. Wapo waliomudu, siwezi kusema uongo. Lakini wengi niliwaona wakianza kuyumba la nne au la tano, hasa kwenye sehemu na kugawanya, na chanzo nikikitafuta nakikuta kulekule kwenye makumi na mamoja. Kibaya zaidi, mtoto aliyezoea kuitwa hodari hasemi kwamba hajaelewa. Anaanza kuficha daftari. Anasema anaumwa tumbo siku ya mtihani. Na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ungemkuta na miaka minane tu.

Tena fikiria hili. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeshapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba kuwa sita. Mwaka mmoja umeondoka kwa watoto wote. Wako ukimwondolea mwingine, atabaki na mitano. Haraka ya nini? Mwalimu Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, na kuchelewa kule hakukumzuia kufika Makerere na baadaye Edinburgh.

Shule pia si vitabu tu. Kule ndiko mtoto wako anakaa kwa mara ya kwanza na watu ambao hawamwiti mume wala baba. Anangoja zamu, anafagia darasa, anashindwa kwenye mpira na kesho yake anarudi kucheza na walewale waliomshinda. Atayajifunza hayo akiwa na wenzake wa rika lake. Ukimweka na wanaomzidi mwaka mzima atakuwa mdogo wa kila kitu, wa kutumwa na wa kusukumwa, na yule rafiki yake wa dawati moja anayemtaja kila tukiongea atabaki nyuma.

Marehemu babu yako alipeleka kahawa chama cha ushirika msimu hadi msimu ili sisi tusome, na hakuna darasa alilotaka turuke. Alitaka tukae humo mpaka tujue.

Kuhusu ada, nimeongea na baba yako. Fedha za maziwa na za ndizi zetu za mishare tutaziweka, muhula wa kwanza tutaulipa sisi. Usibishe.

Wewe nakuomba robo saa tu kila jioni, hata kama ni hapo dukani kati ya mteja na mteja. Asome kwa sauti, gazeti, kanga, maandishi ya mfuko wa sukari, chochote asichokijua. Akikisia mwisho wa neno usimtajie, mwekee kidole hapo umngoje.

Jumatatu ukienda shuleni, mshukuru mwalimu mkuu kwa kumwona mtoto, kisha mwambie anabaki na wenzake. Na umwombe mwalimu wa darasa lile daftari la hesabu, unipigie picha kurasa za kutoa, unitumie jioni hiyohiyo.

Mama yako