Usijidunge kabla hujaimaliza barua hii

Kiamunyi, Nakuru
Jumapili usiku

Atieno wangu, Nyar Seme,

Salamu nyingi. Huku sisi wazima, shule zimefungwa, mvua imeigeuza njia ya kwetu kuwa matope matupu, na Baba Chebet anakusalimu. Salamu nyingine zitangoja. Rispa alinipigia Alhamisi akaniambia umenunua sindano ya kupunguza mwili kwa yule kijana anayeuza kwa simu, kwamba ilikuja na basi la usiku, na kwamba unangoja Jumamosi ujidunge. Nakuomba usijidunge. Na kama umeshaanza, usirudie mpaka umalize kusoma, kisha unipigie hata kama ni usiku wa manane. Barua hii nampa Mama Shiro kwa sababu anashuka Kisumu Jumanne, na kwa sababu simu zangu huzipokei.

Najua kwa nini huzipokei. Tangu siku ya ayie, ile sherehe ya posa, ya binti ya Rispa kule Ahero hatujasemezana, na huu ni mwezi wa nne. Wewe ndiwe uliyeamka alfajiri ukakanda unga na kina Mama Shiro, ukapakulia wageni mpaka saa tisa, halafu ukakaa ule kwa mara ya kwanza siku nzima. Nami nikasema mbele ya wanawake wote wale: "Atieno, hizo chapati ndizo zinazokumaliza magoti." Wakacheka. Wewe pia ukacheka, ukaifunika sahani kwa kitambaa, ukaisukuma chini ya kiti. Tulipokuwa tunaingia garini niliiona bado iko palepale, haijaguswa.

Nisamehe, dadangu. Nilikuumiza kwa maneno yale, na hata hayakuwa ya kweli. Mimi ni mwalimu wa bayolojia, na kabla ya hapo nilikuwa jirani yako wa kitanda bwenini. Tulikula sufuria moja miaka minne. Githeri ileile, ugali na sukuma ileile, kipimo kilekile cha kijiko cha yule mpishi ambaye hakumwongeza mtu hata ungelia. Nikatoka kidato cha nne nikiwa mwembamba kama nilivyoingia, nawe ukatoka na umbo la mama yako na shangazi zako wote watatu. Na nani alikuwa wa kwanza kufika mtoni na kurudi na ndoo mbili? Si mimi. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu tangu nikiwa na miaka kumi na minne, lakini nilipokua nikajifunza kusema kama watu wengine wanavyosema.

Na watu wanasema, Atieno. Hapa nyumbani mama mkwe anasema unene ni damu ya ukoo, huwezi kushindana nao. Mwalimu Kip hataki kusikia: kula kidogo, tembea sana, hesabu imekwisha. Dan ameshikilia kwamba ni wanga tu, ugali na mkate vinapandisha insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, nayo insulini inafungia mafuta mwilini. Wifi yangu anaona kila dawa ya kupunguza mwili ni njia ya mkato ya wavivu. Tangu Alhamisi nimekuwa nikiyapima maneno yao moja moja dhidi yako, kwa sababu wewe ninakujua.

Mama mkwe ana sehemu kubwa ya ukweli. Mwaka 1990 Albert Stunkard na wenzake walichapisha utafiti wa mapacha, wakiwemo waliotenganishwa utotoni na kulelewa nyumba tofauti, na uzito wao ulifanana karibu sawa na wa mapacha waliokulia nyumba moja. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman huko New York ikaigundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe na kuuambia ubongo akiba iko kiasi gani. Kwa hiyo njaa ina mfumo wake mwilini, na mfumo huo haukuundwa sawa kwa kila mtu. Lakini damu peke yake haitoshi. Mwaka 2008 kuingia 2009, hapa Kenya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito au kunenepa kupindukia walikuwa asilimia 25. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 33. Jeni hazibadiliki kwa miaka mitano, ila chakula kinachotuzunguka kinabadilika. Hebu kumbuka Kondele tulipokuwa wasichana na uiangalie leo, kutoka stendi mpaka kwako unapita vibanda vingapi vya chipsi, smokie na soda?

Kuna Mmarekani, Kevin Hall, ambaye mwaka 2019 alichapisha kazi iliyonigusa sana. Aliwaweka watu ishirini hospitalini mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa, na milo iliandaliwa ilingane kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, kila mtu ale mpaka ashibe. Kwenye vyakula vya viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku bila hata kujua, wakaongezeka karibu kilo moja. Watu walewale! Hakuna aliyekuwa mlafi wiki hizi na mwenye kiasi wiki zile.

Kip naye nilimwambia kuhusu Wahadzabe, hapa tu Tanzania karibu na Ziwa Eyasi, wanaowinda na kuchimba mizizi na kutembea kutwa. Herman Pontzer aliwapima, na mwaka 2012 akaonyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu wanazotumia kwa siku hazizidi sana za watu wa mijini wanaokaa ofisini. Mwili unabana matumizi mahali pengine. Kutembea kunafaa kwa moyo, kwa presha, kwa usingizi, na ningependa tutembee pamoja mpaka Dunga tukiongea, lakini anayekuambia unene wako ni kwa sababu unakaa kwenye cherehani hajui anachosema. Dan nilimjibu kwa ule utafiti wa Stanford wa 2018: watu 609, nusu wakapunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, mwaka mzima. Wa kwanza walipungua wastani wa kilo 5.3, wa pili kilo 6, tofauti isiyo na uzito. Na katika kila kundi wako waliopungua sana na wako walioongezeka. Kwa hiyo ugali wako uuache salama, hasa ukiwa na osuga na omena.

Halafu kuna yale ninayoyajua mimi na wewe tu. Kwamba ulianza kuongezeka haraka baada ya Brian mdogo, ulipoanza ile sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, ambayo inajulikana kuongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Kwamba ule mwaka wa ugonjwa wa mama ulikuwa unalala masaa matatu tu kwa usiku, na mtu asiyelala hushikwa na njaa isiyo ya kawaida. Ulipompelekea yule daktari wa kliniki magoti yako, hakuuliza hata moja kati ya hayo. Alikutazama, akaandika "punguza chakula". Ulinisimulia ukilia, nami miezi sita baadaye nikasema kitu kilekile mbele ya watu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sasa sindano yenyewe. Dawa hii siipingi, na sitaki uone nimejiunga na wifi yangu. Mtu wa presha akimeza tembe hatumwambii anadanganya. Semaglutaidi, dawa inayodaiwa kuwa ndani ya sindano yako, ni dawa ya kweli. Kwa jina la Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa kisukari, na kwa jina la Wegovy mwaka 2021 kwa uzito. Kwenye jaribio lake kubwa watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68, wakati waliopewa sindano isiyo na dawa hawakufika hata asilimia 3. Inafanya kazi kwenye ileile njaa niliyokuwa nikikusimulia: inauambia ubongo umeshiba, inachelewesha chakula tumboni. Kwangu mimi hilo limemaliza ubishi wa uvivu. Kama dawa ya homoni ya kila wiki inaweza kumfanya mtu aache nusu ya sahani bila kujilazimisha, basi kilichokuwa kinamsukuma hakikuwa tabia mbaya.

Ila ni dawa yenye masharti, na hilo kijana wa simu hawezi kukuambia. Inaanzwa na kipimo kidogo mno, robo ya miligramu kwa wiki, kisha inapandishwa polepole kwa wiki nyingi, kwa sababu inatapisha. Ukiiacha, uzito mwingi hurudi: kwa waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, theluthi mbili za walichopunguza zilikuwa zimerudi. Kwa hiyo anayeanza aanze akijua ni dawa ya muda mrefu, na pesa ya muda mrefu. Inaweza kuleta shida ya kongosho na ya kifuko cha nyongo. Atieno, na lile tumbo lililokulaza mwaka juzi, wakasema ni vijiwe vya nyongo, je? Umemwambia nani kuhusu hilo kabla ya kulipa?

Na kalamu yako, yaani hiyo sindano yenye dawa ndani. Kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Yako imelala ndani ya buti la basi kutoka Nairobi, kisha ikakaa siku nzima kwenye joto la Kisumu kabla hujaenda kuichukua. Hata ikiwa halisi, huenda imeharibika. Na je, ni halisi? Rispa anasema ilikuja bila boksi, imefungwa kwenye gazeti. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutaidi bandia iliyopatikana katika nchi kadhaa. Oktoba 2023 huko Austria kuna watu walilazwa baada ya kutumia Ozempic ya bandia, sukari ikiwa imewashuka vibaya, na wakuu wakashuku ndani mlikuwa na insulini. Insulini, Atieno, kwa mtu asiye na kisukari, usiku, nyumbani peke yake na watoto. Nikifika hapo kwenye mawazo yangu nashindwa kuendelea.

Vile vidonge vya "majani ya asili" alivyotumia Mama Otis nilimwambia pia avitupe. Vingi vya aina hiyo vimekutwa vimechanganywa sibutramini kwa siri, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya moyo. Na chai za kusafisha tumbo zinakuharisha maji tu, mafuta yanabaki palepale.

Tangu nianze kuandika nakumbuka jambo moja kukuhusu. Kila siku unapima viuno vya watu. Nimekaa kwenye kile kiti chako pale Kibuye mchana mzima nikikutazama, na sijawahi kukusikia ukimsomea mwanamke namba yake kwa sauti. Unanyoosha utepe, unaangalia, unaandika kwenye daftari, unamuuliza anataka shingo ya mviringo au ya pembe. Wote wanatoka pale wamenyooka. Mimi nilisoma namba yako mbele ya kijiji kizima.

Kama unataka kupungua, sitakuzuia. Magoti yanauma, presha ya mama yako tunaijua, na mwili ni wako. Kama hutaki kupungua kabisa, hilo nalo ni sawa kwangu. Ninachoomba ni twende pamoja kwa daktari anayesikiliza. Kuna mwenzangu ambaye dada yake anafanya kazi pale hospitali ya Russia, Kisumu, atatuelekeza kwenye kliniki inayofaa. Tupime sukari, presha, tezi ya shingo, tuulize kuhusu ile sindano ya uzazi kama kuna njia nyingine, na tuwaambie habari ya vijiwe. Baada ya hapo wakisema semaglutaidi inakufaa, tutainunua kwenye duka la dawa lenye mfamasia, na tutatafuta pesa. Chama changu kinanifikia mwezi wa sita.

Je, umeshajidunga? Kama ndiyo, lini, kipimo gani, na unajisikiaje sasa hivi? Una kizunguzungu, jasho, maumivu makali ya tumbo yanayoenda mgongoni? Ukiona hata moja usiningoje mimi, nenda hospitali na hiyo kalamu mkononi. Kijana alikutoza kiasi gani? Mara ya mwisho kupima sukari ilikuwa lini? Brian anajua? Unalala vizuri siku hizi? Magoti je? Nije Ijumaa, au bado hutaki kuniona? Ukisema nisije nitaelewa, lakini nijibu hayo mengine.

Ukikubali nitapanda gari la asubuhi kupitia Kericho, na jioni nitakanda unga mwenyewe nyumbani kwako. Wewe utakaa, utapakuliwa wa kwanza, ule.

Wako akupendaye,
Nafula

N.B. Piga picha hiyo kalamu pande zote, namba ya toleo ionekane, unitumie hata kama hutaki kuandika neno lolote.