Orodha ya wapiga dramu bora: mbona Mzee Morris hayumo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwajibu vijana wanaobishana kila jioni hapa Magomeni kuhusu nani mpiga dramu bora kuliko wote duniani. Mimi ni fundi redio. Kibanda changu kimepakana na kijiwe chao cha kahawa, kwa hiyo ubishi wao naupata bure. Juzi wameandika orodha ya majina kumi wakaibandika ukutani: wa kwanza John Bonham wa Led Zeppelin, wa pili Buddy Rich, wa tatu Ginger Baker, na kuendelea hivyo hivyo. Wote Wazungu, wote wanaume, na karibu wote wa roki.

Sina ugomvi na Bonham. Kijana mmoja alinisikilizisha kwenye simu, nikamwambia hapana, hiyo simu inamwonea marehemu, tuunganishe kwenye spika niliyokuwa naitengeneza. Kweli mguu wa yule bwana ulitikisa bisibisi mezani. Alipofariki Septemba 1980, akiwa na miaka 32 tu, wenzake waliona bora bendi ife kuliko kumkalisha mtu mwingine pale nyuma. Ni wapiga dramu wachache mno waliowahi kupewa heshima hiyo.

Ugomvi wangu ni kipimo. Vijana wanapima mbio za mikono na urefu wa solo, kana kwamba watu walienda dansini kumtazama mtu mmoja akitoka jasho. Mimi napima hivi: huyu mtu aliwaachia wenzake pigo gani ambalo mpaka leo linawapatia ugali?

Kwa kipimo hicho naanza na Tony Allen wa Lagos, na msinionee mkisema nampendelea kwa kuwa alianza kujifunza dramu akiwa fundi mitambo wa redio. Alijifunza mwenyewe. Wakati wapiga dramu wengi wa kwao walikuwa wanayaacha matoazi ya mguu yakae tu kama pambo, yeye alisoma mafunzo ya Max Roach, Mmarekani wa jazi, akaufanya mguu wa kushoto useme maneno yake mwenyewe. Ukimsikiliza vizuri utasikia watu wanne wanaongea na hakuna anayemkatiza mwenzake. Fela Kuti, kiongozi wa bendi yake na mtu asiyependa kugawana sifa, alikiri kwamba bila Tony Allen kusingekuwa na Afrobeat, muziki uliowapa jina. Na huyo Ginger Baker wa namba tatu, mwaka 1971 alivuka Sahara kwa gari kwenda Lagos, akapiga na Fela, ambaye mpiga dramu wake alikuwa Tony Allen. Sasa nauliza, aliyefuatwa na aliyemfuata, nani atangulie kwenye orodha?

Kuna Carlton Barrett wa Wailers, bendi ya Bob Marley, ambaye kila mpiga rege mpaka leo anamfuata. Pale ambapo wengine wanapiga kwa nguvu, yeye alipaacha wazi, akashuka baadaye. Kuna Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa kule Kinshasa, mtu wa pigo liitwalo kavasha. Inasimuliwa kwamba pigo lile lilitokana na mlio wa treni. Miaka ya 1970 likaingia Nairobi na bendi za Wakongo, na waliokuwa wanacheza muziki enzi hizo hawahitaji kuelezwa liliwafanya nini viunoni.

Lakini anayeniuma zaidi ni Clyde Stubblefield. Mwaka 1969, akiwa na mwimbaji James Brown studio kule Cincinnati, Marekani, alipiga pigo la sekunde chache katika wimbo unaoitwa "Funky Drummer". Vijana wa hip hop walipopata mashine za kunasa na kurudia sauti, walikata kipande kile wakakirudia kwenye mamia ya nyimbo. Mtu asiyewahi kusikia jina la Stubblefield amekwishatingisha kichwa kwa mikono yake. Kwenye wimbo wenyewe hakuandikwa kuwa mtunzi, kwa hiyo wengine walipovuna yeye hakupata fungu. Alipougua saratani, mwanamuziki Prince alimlipia madeni ya hospitali kimyakimya, na watu wakaja kujua baada ya Prince mwenyewe kufa. Stubblefield alifariki mwaka 2017. Orodha ya hapa kijiweni haimjui.

Haimjui wala Mzee Morris Nyunyusa, na hapo ndipo nilipoacha kazi nikatoka nje kubishana. Mzee Morris alikuwa kipofu. Alijizungushia ngoma kubwa kwa ndogo akazipiga zote peke yake, na mtu asiyemwona angeapa ni kikundi kizima. Ngoma zake ndizo zilizokuwa zikifungua taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nilipokuwa najifunza ufundi, redio iliyotoka mezani tulikuwa tunaijaribu kwa ngoma zile. Zikitoka bila kukwaruza, ile nzito ikasikika nzito na ile nyembamba ikabaki nyembamba, tunamwita mteja aje na hela yake. Zikichanganyika, tunafungua upya. Bonham gani aliyewahi kusikilizwa nchi nzima, shambani, sokoni na kambini, kila siku ya Mungu? Kijana mmoja akanijibu, "Babu, ile si ngoma ya redio tu?" Kumbe alidhani imetengenezwa na mashine!

Wanawake nao wamesahauliwa kabisa. Bi Kidude wanamkumbuka kwa uimbaji wake wa taarabu. Yule bibi wa Unguja alikuwa anafunga msondo kiunoni, ngoma ikiwa katikati ya miguu, anaupiga amesimama kwenye unyago, na alifika uzeeni kabisa bado anaupiga.

Na bendi zetu je? Msondo na Sikinde zote zimebeba majina ya ngoma, ila ukimwomba shabiki akutajie watu wake atakwambia waimbaji, Gurumo, Bitchuka, tena kwa majivuno, kisha atashuka kwa wapiga gitaa na tarumbeta. Muulize dramu zilipigwa na nani, tumba zilishikwa na nani, anaanza kutazama saa. Hili si kosa lake. Watangazaji hawataji, na magazeti, pamoja na hili lako Mhariri, yanaandika "na wenzake".

Kwa hiyo nina ombi moja. Mkiandika habari za bendi, andikeni na jina la aliyekaa kwenye dramu na la aliyeshika tumba. Na kama kuna msomaji aliyepiga dramu kwenye bendi yoyote ya Dar es Salaam, Tanga, Tabora au Morogoro miaka ya 1970 na 1980, aandike humu humu atutajie bendi yake, miaka aliyokaa nayo, na nani alikuwa pembeni yake kwenye tumba. Picha kama anayo, bora zaidi.

Fundi Redio,
Magomeni, Dar es Salaam