Malalamiko kuhusu pointi zangu, na jinsi mama yangu alivyofanyiwa kaunta

Mtwara Mjini,
18 Septemba 2025.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUSHUSHWA KWA THAMANI YA POINTI BILA TAARIFA, NA KAULI ZA MTUMISHI WENU WA KAUNTA MTWARA

Salaam. Natumaini mu wazima na kazi zinakwenda. Masharti ya programu yenu ya pointi za wasafiri wa ndege mnayajua kuliko mimi, maana ninyi ndio mnaoyaandika na ninyi ndio mnaoyafuta, kwa hiyo sitawachosha nayo. Naanzia kaunta.

Nilifika ofisini kwenu na mama yangu mzazi. Nikamsalimia kijana wa kaunta, nikamwambia nataka kumkatia mama tiketi ya Dar kwa pointi zangu. Akabonyeza kompyuta yake, akasema hazitoshi. Nikamwambia zinatosha na chenji inabaki, nimetoka kuziangalia kwenye simu asubuhi. Akasema zamani zingetosha, sasa hivi labda nizitumie kuongezea kilo za begi. Nikauliza hiyo zamani ni lini. Akanijibu: “Mama, kwani hizi pointi ulizinunua? Si tunawapa bure.” Watu kwenye foleni wakacheka.

Hilo la kucheka nitalirudia. Kwanza hilo la bure.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge. Mzigo wangu kutoka Kariakoo unapanda lori, mimi napanda ndege, na kwa muda mrefu ndege yangu imekuwa yenu. Zipo safari nilizoacha tiketi ya bei nafuu ya wenzenu nikaongeza hela yangu ili nisafiri na ninyi, kwa sababu mliniambia kila safari inaniletea pointi. Ile nyongeza niliyokuwa naitoa mfukoni ndiyo bei ya pointi. Tena hiyo tiketi mnayoiita ya bure, bado mteja anatakiwa alipe kodi na tozo za uwanja taslimu. Cha bure kiko wapi hapo?

Mpwa wangu ni mhasibu, nilimsimulia akashangaa. Akanieleza kwamba kipo kiwango cha kimataifa cha hesabu, IFRS 15, kilichoanza kutumika 2018, na kinavyotaka ni kwamba mkiniuzia tiketi yenye pointi, sehemu ya nauli yangu msiihesabu kuwa mapato siku ile. Mnaiweka kwenye vitabu kama deni mpaka nizitumie zile pointi au ziishe muda. Kwa hiyo vitabuni mimi ninawadai, kaunta mimi ni ombaomba. Naomba mkaguzi wenu amweleze yule kijana, kwa upole.

Sisemi haya kwa kuwa napenda ugomvi. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotupitia na barabara ikakatika maeneo ya Somanga, huku kusini tulibaki kama kisiwa. Basi haliendi, lori haliendi. Nilipanda ndege yenu kwa nauli mliyoitaja ninyi, sikupunguziwa hata senti, na sikulalamika. Nilijua napata pointi. Mnatugawia karanga sisi watu wa nchi ya korosho, hilo nalo nimelivumilia.

Sasa taarifa. Ujumbe wenu wa kubadilisha pointi niliupata siku mbili baada ya kutoka hapo kaunta, nikiwa dukani. Unasema kuanzia tarehe mosi idadi ya pointi itafuata nauli ya siku hiyo, na hiyo tarehe mosi ilishapita. Ule utaratibu wa jedwali, kwamba Mtwara–Dar ni pointi kadhaa msimu wowote, haupo tena. Nauli ikipanda, pointi zinapanda nayo. Na nani anapandisha nauli? Ninyi. Na nani anapanga pointi moja ni sawa na shilingi ngapi? Ninyi tena.

Niwape mfano wa nyumbani. Mkulima wa Tandahimba akipeleka korosho ghalani anapewa stakabadhi ya kilo alizopeleka. Siku ya mnada bei inaweza kumkera, ndiyo biashara, na hata hiyo bei anaweza kuikataa: Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waliyakataa mabei ya wanunuzi hadharani, na mwezi uliofuata Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Lakini hakuna mwenye ghala anayemwambia mkulima kwamba kilo mia alizoleta mwezi wa kumi sasa tunazihesabu hamsini. Akithubutu, hatalala kwake usiku huo. Ninyi mmefanya hivyo, tena bila mnada wala wa kumkatalia.

Narudi kaunta, maana mlango ule sijautoka mpaka leo.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la chuma pale pembeni, amevaa baibui jipya. Goti lake la kulia halikunji vizuri, kwa hiyo alikuwa ameunyoosha mguu mbele, na kila anayepita anamruka. Ndege hajawahi kupanda. Nilimwahidi kwamba harusi ya mjukuu wake atakwenda kwa ndege, saa moja tu amefika, na alikwisha kuwaaga majirani zake wa Mikindani kwa maneno hayo. Niliweka kaunta kadi yangu ya uanachama na kitambulisho chake cha NIDA. Kijana hakuvishika. Alivisukuma kwa ncha ya kalamu, kidogo kidogo, mpaka vikafika ukingoni na kitambulisho cha mama kikaanguka chini upande wangu. Nilipoinama kukiokota ndipo aliposema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kwani ulizinunua, si tunawapa bure. Kisha akamgeukia mwenzake: “Hawa wa pointi leo wamefurika.” Hapo ndipo watu walipocheka. Na hakuishia hapo. Akamwita mama yangu kutoka kule benchi: “Bibi, basi zuri tu, utaona na Daraja la Mkapa.”

Mama akaniuliza taratibu, “Mwanangu, tumewakosea nini?”

Sikuwa na jibu, Ndugu Meneja. Kama ninyi mnalo, liandikeni.

Na daraja aliliona kweli. Hela ya tiketi ya taslimu sikuwa nayo wiki ile. Mwenye harusi hana hela ya pembeni, imekwenda kwenye michango, sare na ukumbi, na nilijua usafiri wa mama umeshapatikana. Tulimpandisha basi alfajiri stendi ya Mkanaledi, akapitia Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, Kibiti, zaidi ya kilomita 550 na lile goti. Alishushwa Mbagala akiwa amebebwa na kondakta na mkwe wangu. Harusi ameiangalia mguu ukiwa juu ya stuli, umefungwa kitambaa chenye barafu, watu wanakuja kumpa pole badala ya kumpa hongera. Picha zipo, nikitakiwa nitazileta.

Niliomba kuonana na msimamizi siku ile ile. Nikaambiwa katoka kula. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikapiga namba yenu ya huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki mpaka salio likakata. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu.

Naomba mjue pia kwamba siko peke yangu. Wafanyabiashara tunaosafiri kutoka huku tuna kundi letu la WhatsApp, na tangu habari hii ienee kila mtu ameamua lake. Mmoja amemaliza pointi zake zote kwa safari asiyoihitaji, anasema bora azile sasa kabla hamjazikata tena. Mwingine mwenye duka la vifaa vya ujenzi siku hizi hatazami tena jina la shirika, anatazama nauli tu. Ya chini ndiyo yake, na pointi hazihesabu kabisa. Mwalimu mmoja mstaafu amerudi kwenye basi, anasema basi halikumwahidi chochote kwa hiyo halijamdanganya. Na wapo vijana wanaoniambia, “Mama, pointi si hela, haziwekwi akiba.” Mimi ndiye niliyekuwa nawabishia vijana hao kwa niaba yenu. Ndiyo maana nina hasira kuliko wao.

Wala msifikiri wasafiri wakinyamaza wameridhika. Marekani mwaka 2023 shirika la Delta lilipotangaza masharti mapya kwa wanachama wake, wateja walikuja juu mpaka mkurugenzi mkuu wake, Ed Bastian, akakiri kwamba huenda wamekwenda mbali mno, na Oktoba mwaka huo huo sehemu ya masharti ikalegezwa. Wakati wakijadiliana, washindani walishaanza kuwaita wateja wale kwa kuwapa daraja lile lile la uanachama walilokuwa nalo. Na Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo iliyaandikia mashirika manne makubwa, American, Delta, Southwest na United, kuyataka maelezo na nyaraka za programu zao, na mojawapo ya hoja ilikuwa hii hii ya pointi kushushwa thamani zikiwa tayari mkononi mwa mteja. Wakubwa wameulizwa. Ninyi mtaulizwa pia.

Nilipokaa kuandika nilikuwa na ombi moja: pointi zangu nilizopata kabla ya tarehe mosi zihesabiwe kwa jedwali la zamani. Ombi hilo liko palepale, na linamhusu kila mwanachama, si mimi tu. Pointi za baadaye zipangieni mnavyotaka, lakini mtangaze mapema, miezi mitatu angalau, ili anayetaka kutumia za kwake atumie na anayetaka kuhama ahame.

Lakini nimesimulia habari ya mama yangu mara ya pili na nimeona ombi moja halitoshi. Nataka tiketi ya kwenda na kurudi kwa jina lake, ya taslimu, si ya pointi, mkatie ninyi. Nataka barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwake, si kwangu, kwa Kiswahili, yenye saini ya mtu na si ya “Timu ya Huduma”. Ailete msimamizi mwenyewe, yule aliyekwenda kula saa nne, nyumbani kwa mama Mikindani. Yule kijana simwombei afukuzwe kazi. Ana wazazi, na nadhani maneno yale hakuyatunga yeye, ameyasikia kwa wakubwa zake. Ila na yeye aje. Aje amwamkie.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo sitapiga tena simu yenye muziki. Nitapeleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, maana wapo kwa ajili ya abiria kama mama yangu. Nitapeleka na Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumwambia mtu “kusanya, utasafiri” kisha kukibadilisha kipimo akiwa ameshakusanya, sijui mwanasheria wenu atakuita nini. Kadi za wenzangu walio tayari kuandika majina yao ninazo dukani, kwenye droo ya hela.

Mzigo wa msimu wa korosho mnaujua ulivyo. Mwezi wa kumi minada inaanza, wanunuzi, madalali na watu wa benki wanajaza viti vyenu kwenda na kurudi. Hao nao wananunua vitenge kwangu, na wanapenda kukaa na kuzungumza.

Kwa heshima,

Mwanachama wenu wa daraja la fedha, mpaka hapo mtakapolibadilisha nalo.
Namba ya uanachama mnayo.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, simu imelia. Mmenitumia ujumbe kwamba sehemu ya pointi zangu itaisha muda mwisho wa mwezi ujao, na mnanishauri nizitumie “kabla hujachelewa”. Basi ongezeni hili: muda wa pointi zangu usimamishwe tangu siku mlipomkatalia mama yangu tiketi mpaka siku mtakapofika Mikindani. Na zile siku 14 nimezifanya saba.